Mtandao unasoma lakini intaneti haiendi: jinsi ya kupima

Simu inaonyesha vijiti vinne, lakini muamala umegoma na picha inazunguka tu. Wasikilizaji wetu wa Nyambureti na vijiji jirani mnaijua hali hii, na mwenye mgonjwa usiku anaijua zaidi.

Vijiti huonyesha jinsi simu inavyousikia mnara, basi. Havisemi kama mnara umeelemewa na watu siku ya mnada, wala kama njia ya kutoka mnarani kwenda mjini ni nyembamba. Ni kama bomba la kijiji: huwezi kujua linatoa lita ngapi kwa kulitazama. Unakinga ndoo na kuhesabu muda.

Programu za kupima kasi hufanya hivyo hivyo. Kwanza simu hutuma ujumbe mdogo kwa kompyuta ya mbali na kuhesabu muda hadi jibu lirudi, kwa milisekunde. Zikizidi 300, mkipigiana kwa intaneti mtaanza kukatizana maneno. Kisha simu hupakua data za majaribio, zisizo na maana yoyote, kwa sekunde kadhaa. Mwisho hupakia, yaani hutuma. Hapo pa mwisho wengi hawapaangalii, lakini ndipo penye shida ukitaka kumtumia mnunuzi wa Mugumu video ya ng'ombe.

Sasa suala la bando. Kasi huandikwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde, na biti 8 ni baiti 1. Kwa kasi ya Mbps 8, kupakua kwa sekunde 10 hula MB 10. Kwa Mbps 40 hula MB 50. Mtandao ukiwa mzuri, kipimo kinakula zaidi! Kwa hiyo usipime kwa kujifurahisha. Na ukiona alama ya E juu ya kioo, uko kwenye 2G. Hifadhi bando lako, jibu unalo tayari.

Pima saa ile shida inapotokea, siyo alfajiri wakati wengine wamelala. Simama palepale, chagua kompyuta ileile ya kupimia, na rudia siku tatu. Kipimo kimoja hakitoshi.

Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, nayo hupima kwa data na simu za majaribio. Magari yenye vifaa hupita, simu zikipigiana na kupakua mafaili zenyewe, na kila jibu huandikwa pamoja na mahali lilipopatikana. Lakini gari hufuata barabara na kuondoka. Nyumba iliyo nyuma ya kilima inabaki na mwenyewe.

Ndiyo maana tunasema piga picha ya kioo kila unapopima, na uandike kitongoji, tarehe, saa na aina ya laini. Anza kwa kampuni ya simu yako na udai namba ya lalamiko. Wasipokusaidia, peleka vipimo hivyo pamoja na namba hiyo TCRA. Ofisi ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza.