Daktari Mpya na Daftari Zake

Makala ya Alison Redmayne kuhusu Mkwawa na vita vya Wahehe ilitoka mwaka 1968, na mwanafunzi wa historia ya Uhehe hawezi kuiruka kirahisi mpaka leo. Shahada yake ya uzamivu aliipata Oxford mwaka 1964. Mimi inanigusa ile miaka minne ya katikati. Tasnifu imekwisha, wasimamizi wamesaini, watu wameanza kumwita Dokta, lakini kazi itakayosomwa na wengi bado haijaandikwa. Ni miaka ya kurudi kwenye daftari, kusikiliza upya maneno ya wazee, kwenda tena kijijini kuuliza lililosahaulika. Na katika miaka hiyo mtafiti anakula, analala mahali, anapanda gari. Nani anamlipia?

Mimi ni karani katika ofisi ya utafiti ya chuo kimoja hapa Iringa, na nyumbani kwangu ni Kihesa. Barua za watafiti zinapita mezani kwangu. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ya mkoa inazaa ya wilaya, ya wilaya inakwenda kwa mtendaji wa kata, naye anaandika kwa mtendaji wa kijiji, na kila mmoja anagonga muhuri wake. Mgeni anatangulia na kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Kwa kuzipitia barua hizi nimejifunza historia ya nchi yetu hii ya Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu kila anayekuja ananieleza nani alimtangulia.

Waliotangulia ni wengi. Mwaka 1935 kilitoka kitabu cha Gordon Brown, mwanaanthropolojia aliyewahi kuwa mwalimu Malangali, na Bruce Hutt, ofisa wa serikali ya kikoloni hapa Iringa. Walikuwa wamefanya jaribio: ofisa anauliza maswali ya utawala, mtafiti anakwenda kutafuta majibu kwa Wahehe. Wakati huohuo, kule Rungwe, palikuwa na kazi kubwa zaidi. Monica Hunter, mzaliwa wa Afrika Kusini, alipata uzamivu Cambridge mwaka 1934. Mwaka uliofuata akaolewa na Godfrey Wilson, wakaishi Unyakyusani mpaka 1938. Posho yao ilitoka taasisi ya lugha na tamaduni za Kiafrika ya London, na taasisi hiyo ilipewa fedha na Mfuko wa Rockefeller wa Marekani. Hawakuwa na darasa la kufundisha wala mitihani ya kusahihisha. Walijifunza Kinyakyusa, wakahudhuria misiba na harusi, wakaandika.

Tazama kilichotoka humo. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica akaendelea peke yake: kitabu cha kwanza kuhusu vijiji vya marika vya Wanyakyusa kilitoka 1951, cha pili 1957, cha tatu 1959, cha nne 1977. Miaka michache ya kulipiwa chakula na kuachwa kwa utulivu ilizaa kazi ya miaka arobaini. Sisahau kwamba ilikuwa zama za ukoloni, na kwamba anayetoa fedha ndiye huchagua nani apewe. Wala simsahau Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wao, aliyekaa nao na kuwafungulia milango ya nyumba za watu. Majaladani mna majina ya wakubwa peke yao. Wasomi wa siku hizi wameanza kuandika habari zake, na mimi kama karani nawashukuru kwa dhati.

Isimila, hapo chini barabara ya kwenda Mbeya, ni hivyohivyo. Zana za mawe zilitambuliwa mwaka 1951, lakini uchimbaji mkubwa ulifanyika 1957 na 1958 chini ya Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago. Uzamivu wake ulikuwa wa mwaka 1953. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, na alikuwa na nafasi ya kukaa korongoni mpaka kazi iishe.

Vyuo vyetu vilikuja baadaye, na vilikuja kwa ajili ya kufundisha. Chuo cha Walutheri cha hapa Kihesa kilianza miaka ya 1990, kikawa sehemu ya Tumaini, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Iringa. Mwaka 2005 vikaja vyuo vya Mkwawa, kwenye majengo ya shule ya sekondari ya zamani, na Ruaha cha Wakatoliki. Taifa lilikuwa linalia walimu, wanasheria, wahasibu, na vyuo viliitikia. Nasema hili kwa heshima, maana wanangu wamesomeshwa na vyuo hivi. Lakini chuo kilichojengwa kwa ajili ya darasa humpokea daktari mpya kama mtu wa darasa. Aliondoka akiwa mhadhiri msaidizi, anarudi mhadhiri, na siku ileile anakabidhiwa ratiba.

Muhula uliopita aliingia ofisini kijana mmoja wa namna hiyo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, Dokta. Karibu kiti.”

Hakukaa. Mkono mmoja ulibeba fungu la mitihani lililofungwa kwa kamba ya katani, begani ana mkoba. Akafungua mkoba akanionyesha daftari zenye mahojiano ya wazee wa Kilolo, pembe zimeshaanza kujikunja. Wawili wa wazee hao, akasema, tumeshawazika. “Niliwaahidi kitabu, mama. Lakini nina kozi nne, na kuna wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo natakiwa kuwatembelea. Nikifika nyumbani usiku, kichwa kimeisha.” Alikuwa amekuja kuniuliza kama kuna mfuko wowote wa mtu aliyekwisha kupata uzamivu. Nikamtafutia. Mingi niliyoiona ilikuwa ya kumpeleka mbali na Kilolo.

Uliwahi kuwapo mmoja uliolielewa jambo hili. Mwaka 2008 Baraza la Marekani la Vyama vya Kitaaluma, kwa fedha za Carnegie, lilianzisha mpango wa wasomi wa fani za utu kutoka Tanzania, Uganda, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini. Aliyekwisha kupata uzamivu alilipiwa mwaka mmoja asifundishe. Aliweza kwenda kukaa kwenye taasisi nyingine hukuhuku Afrika, na miswada ilijadiliwa kwenye warsha, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na wasomi wazoefu. Ulidumu kwa zaidi ya miaka kumi, kisha ukafika mwisho wake. Siku hizi kuna mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu, ambao pamoja na majengo unasomesha wahadhiri wa vyuo vya umma mpaka uzamivu. Ni jambo kubwa. Nami nahofia siku watakaporudi wote kwa pamoja na kukuta ratiba inawasubiri mlangoni.

Chuo kidogo kinaweza kufanya kitu bila kungoja London wala New York. Muhula mmoja bila kozi kwa kila daktari mpya, katika mwaka wake wa kwanza. Chumba chenye ufunguo wake. Nauli na posho ya kurudi kijijini, na ya mkalimani ndani yake, jina lake likiandikwa kwenye kitabu. Profesa mmoja aliyestaafu, na hapa Iringa wapo, alipwe kuusoma mswada.

Kama ningeulizwa nani aanze, ningesema mtoto wa Tukuyu, kule Rungwe. Daftari za akina Wilson zimehifadhiwa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Apatikane daktari mmoja kijana aliyelelewa kwa Kinyakyusa, apewe mwaka, akae nazo, kisha azirudishe Rungwe azisome mbele ya wajukuu wa waliohojiwa na aandike watakachosahihisha. Barua za kumtambulisha kwa mkoa, wilaya, kata na kijiji nitaziandika mimi mwenyewe.