Kutoka kibuyu cha enanga hadi kidude cha simu

Ndugu msomaji, kama umenunua simu mpya miaka ya karibuni huenda yamekukuta haya: umeigeuza huku na huku ukitafuta tundu la hedifoni, hulioni. Septemba 2016 Apple walitangaza iPhone 7 isiyo na tundu hilo. Kampuni nyingine zikacheka, halafu moja baada ya nyingine zikafuata. Tangu hapo limekua soko la vidude vya kuchomeka kwenye simu, vinavyogeuza namba kuwa sauti na kuikuza. Vingine vinauzwa shilingi elfu chache. Vingine bei yake inaupita mshahara wa mwezi wa mwandishi wa habari, na hapo sisemi uongo.

Sasa sisi watu wa Kagera tunajulikana. Nshomile akiambiwa kuna kitu bora zaidi, hataki kusikia cha pili. Kabla hujatoa pochi, naomba twende pamoja nyuma kidogo, maana suala la kukuza sauti si geni kwetu hata kidogo.

Amplifaya ya kwanza katika nchi ya Wahaya ilikuwa kibuyu. Tazama enanga: ubao uliochongwa kama hori, uzi unaopitishwa juu yake kwenda na kurudi, na kibuyu kilichofungwa ili kuipa sauti mwili. Uzi peke yake hausikiki mbali. Kibuyu kikiongezwa, mpigaji anaweza kusimulia tendi za mashujaa usiku kucha na watu waliomzunguka wakasikia kila neno. Profesa M. M. Mulokozi, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari juu ya tendi hizo mwaka 1986, ametuonyesha uzito wa fasihi iliyobebwa na chombo hiki kidogo. Enanga haikutengenezwa ishindane na ngoma. Ilitengenezwa itoshe chumba na masikio yaliyomo. Kumbuka neno hilo, kutosha, tutalirudia.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alipita Tanganyika, na kati ya aliowanasa ni wapiga enanga wa Kihaya. Mwaka huohuo wakulima wa kahawa wa Bukoba waliunda chama chao kikuu cha ushirika, BNCU. Mwaka uliofuata, 1951, Sauti ya Dar es Salaam ikaanza kurusha matangazo. Kwa hiyo katika muda mfupi Buhaya ilipata fedha ya kahawa iliyopangwa vizuri, na nchi ikapata redio ya kusikiliza.

Lakini redio za wakati ule zilitaka umeme mwingi, na vijijini umeme haukuwepo. Jibu moja lilitoka Lusaka mwaka 1949, pale Harry Franklin alipofanikisha redio ya betri iliyopewa jina la sufuria kwa sababu ya umbo lake, kwa bei ya pauni 5. Kisha Marekani, mwaka 1954, wakauza redio ya kwanza ya transista ya mfukoni, na betri kubwa zikaanza kusahaulika. Miaka ya 1960 redio ndogo za transista zilienea Afrika Mashariki. Huko Kishanda, Nshamba au Kamachumu, mwenye redio alikuwa mwenye wageni. Na betri zikichoka, nani hakumbuki kuona zimeanikwa juani ili zitoe taarifa ya habari moja zaidi?

Redio zile zilikwaruza. Hata hivyo mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza Radio Tanzania na kujadili usafi, malaria na vyoo. Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita, na sauti yake ilifika kwa redio hizohizo. Hakuna aliyelalamika kwamba besi haikutosha. Kilichotakiwa kilikuwa maneno yasikike, na yalisikika.

Haya, turudi kwenye kidude. Ndani yake kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kugeuza. Muziki ulioko kwenye simu ni orodha ndefu ya namba. Mwaka 1982 Philips na Sony walipoleta CD, walikubaliana sauti ipimwe mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kiwe na ngazi 65,536. Sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na linavyozeeka linapungukiwa, kwa hiyo kipimo kile kinatosha. Ukiona boksi limeandikwa 384 au 768, jua hiyo ni namba ya kuuzia zaidi kuliko ya kusikilizia.

Kazi ya pili ni kukuza, na hapa ndipo pa kutumia akili. Tazama ohm za hedifoni zako. Zile za kuingiza masikioni nyingi ni ohm 16 hadi 32, nazo zinaendeshwa vizuri na kidude cha bei ndogo kilichotengenezwa sawasawa. Hedifoni za studio za ohm 250 au 300 ndizo zinazohitaji volti zaidi, na hapo amplifaya ya pembeni ina maana. Kisha uliza ohm za kidude chenyewe: zisizidi moja ya nane ya zile za hedifoni. Kwa hedifoni za ohm 16, kidude kisipite ohm 2, la sivyo sauti inaweza kupinda. Ni hesabu ileile ya kibuyu na uzi: vifanane.

Mambo mengine matatu. Kama hedifoni zako ni za Bluetooth, kidude hakikusaidii lolote, kwa sababu kigeuzi na amplifaya vimo tayari ndani ya hizo hedifoni. Kidude kisicho na betri yake kinakula chaji ya simu, na sisi tunaoujua umeme wa kukatika hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Na simu nyingi zilizo na redio ya FM zilitumia waya wa hedifoni kama antena. Tundu lilipoondolewa, mara nyingi redio nayo ikaondoka kimyakimya, na kidude cha kugeuza namba hakiirudishi. Yaani chombo kilichotuunganisha 1973 na 1978 kimetolewa mfukoni mwetu na wengi hatukupiga hata kelele. Kama bado unasikiliza redio bila kununua bando, kagua hilo kabla ya kuchagua simu.

Na hapa ndipo kwenye kiini cha mada yangu. Amplifaya hukuza kilichopo. Haiumbi kisichokuwepo. Kijana wa mjini ananunua kidude cha laki kadhaa, kisha anasikiliza wimbo wa zamani uliotolewa kwenye kaseti iliyochoka, ukabanwa kuwa faili dogo, ukarushwa WhatsApp na kubanwa tena. Anachokuza ni mkwaruzo. Nyimbo za bendi na ngoma zilizorekodiwa na Radio Tanzania zilihifadhiwa kwenye kanda za sumaku, na kanda za sumaku huzeeka. Joto na unyevu havisubiri bajeti. Kanda ikishakufa, hakuna kidude cha Tokyo wala Guangzhou kitakachoifufua.

Kwa hiyo, kama una laki tatu za kutumia kwa ajili ya sauti, ushauri wangu ni huu. Elfu chache nunua kidude rahisi chenye vipimo vilivyoandikwa wazi. Sehemu kubwa weka kwenye hedifoni, maana ndizo zinazobadilisha unachosikia kuliko kitu kingine. Inayobaki nunulia kinasa sauti kidogo, upeleke kwa babu anayejua kupiga enanga, kabla hajaondoka nayo. Na ukisikiliza, usiende juu mno: Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, usizidishe hapo. Sikio likiharibika halina duka la vipuri, si Bukoba wala Dar.

Wazee wetu walichonga kibuyu kulingana na uzi na chumba. Sisi tuna vipimo vilivyoandikwa kwenye boksi, kazi yetu ni kuvisoma tu.

Alamsiki.