Geji ya Mita na Milima ya Usambara

Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, na vyuma viwili vilifungwa juu ya mataruma vikiachana kwa milimita 1,000, yaani geji ya mita. Kampuni ya Kijerumani iliyoijenga ilitaka kuyafikia mashamba ya Usambara kwa gharama ndogo. Geji nyembamba huvumilia kona kali na huhitaji tuta jembamba na madaraja mepesi. Hasara yake ni kwamba behewa halibebi mzigo mkubwa kama la geji pana, wala treni haikimbii sana. Hata kwa unafuu huo fedha ziliisha. Reli ilifika Muheza mwaka 1896 ikakwama, serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899, ikaifikisha Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911.

Kwenda Lushoto, juu milimani, reli haikupanda. Ilipita chini tu, Mombo. Mbao za milimani zilitafutiwa njia nyingine. Upande wa mashariki, kutoka Tengeni kwenda Sigi, ilijengwa reli ya milimita 750 iliyopanda kwa kwenda mbele na kurudi nyuma kwenye miteremko. Iliweza kufika mahali ambapo geji ya mita ingegharimu mno, lakini kila gogo lililoshuka Tengeni lilibidi lifaulishwe. Upande wa magharibi, Shume, si mbali na Lukozi, mierezi iliteremshwa kwa waya wa angani hadi stesheni ya Mkumbara. Nako mzigo ulishushwa na kupakiwa upya.

Faida ya uamuzi wa Tanga ilionekana baadaye. Waingereza nao, walipoanza reli yao Mombasa mwaka 1896, walitumia geji ya mita kwa kufuata reli za India. Ndiyo maana wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliweza kuvuta njia kutoka Voi hadi Kahe na kuiunganisha na ya adui wao, mabehewa yakapita. Reli ya Kati, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ilikuwa ya geji hiyohiyo. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilipokamilika mwaka 1963, mitandao miwili ikawa mmoja bila kubadilisha gurudumu hata moja.

Wabunifu wa vichakataji vya kompyuta walibanwa na jambo hilohilo: kupatana na kilichokwishakuwepo au kuanza upya. Intel ilipotoa 8086 mwaka 1978 ilitaka programu za 8080, ya mwaka 1974, ziweze kugeuzwa kwa urahisi ziendeshwe humo. Kwa hiyo kumbukumbu ya megabaiti 1 ilifikiwa kwa vipande vya kilobaiti 64, kero iliyowaandama waandishi wa programu kwa miaka mingi. Motorola 68000, ya mwaka 1979, haikubeba urithi huo na muundo wake ulikuwa nadhifu zaidi. Hata hivyo IBM, kwa kompyuta yake ya mwaka 1981, ilichukua 8088, ndugu wa 8086.

Tukirudi kwenye reli, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, nayo ilipaswa kuchagua jirani wa kupatana naye. Ilichagua Zambia na kusini mwa Afrika, yaani milimita 1,067. Tofauti ya milimita 67 ni ndogo kwa macho, ila ndiyo mbaya kuliko zote: gurudumu haliwezi kuivuka, na nafasi hiyo haitoshi kulaza chuma cha tatu pembeni ili geji zote mbili zitumie njia moja. Mwaka 1998 kituo cha kufaulisha mizigo kati ya geji hizo mbili kilijengwa Kidatu.

Reli ya kisasa ya Tanzania, iliyoanza kujengwa mwaka 2017 kwa milimita 1,435, haikujali upatanifu na ya zamani. Imejengewa njia yake. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu kasi na uzito uliotakiwa vingekuwa vigumu kufikiwa kwenye geji ya mita. Reli ya Tanga yenyewe ilipofufuliwa, abiria wakafika tena Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka 2020, ilirudishwa kwa geji ya 1893, kwa kuwa vichwa na mabehewa vilivyokuwepo vilitengenezwa kwa ajili ya geji hiyo.