Fundi wa Karibu: Mlango na Historia Yake Baraka

Anayejenga Baraka leo, akishapandisha ukuta, hufika mahali pa kuamua habari ya geti la kuingizia gari. Aagize lililokwisha tengenezwa kiwandani, livushwe ziwa au lije kwa lori kutoka Uvira, au ampe kazi fundi mwenye ateliye yake mtaani? Wengi huona hapo suala la bei tu. Historia ya mwambao huu wa Tanganyika inafundisha zaidi ya hapo: mlango hulinda nyumba kwa muda ule tu ambao yupo karibu mtu anayeweza kuurekebisha. Uhai wa mlango umefuata uhai wa ujuzi, na kila ujuzi ulipohama, nyumba zilibaki wazi.

Ujuzi wenyewe si mgeni hapa. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Burton aliitaja Uvira kuwa soko kubwa la upande wa kaskazini, ambako biashara ya watumwa na pembe za ndovu ilikwenda pamoja na nafaka, nguo za magome ya miti na vyombo vya chuma. Chuma kilifuliwa na kuuzwa kwenye mwambao huu kabla ya mfanyabiashara yeyote wa Ulaya kuweka duka. Kusini zaidi, Wagoma walijulikana ziwa zima kwa mitumbwi waliyoichonga katika shina moja la mti mkubwa wa milimani. Anayejua kusoma uzi wa gogo hata likaelea bila kuvuja hashindwi na ubao wa mlango. Waungwana wa pwani walipokuja nao walileta mafundi wao. Ngome yao ya Kasongo ilipotekwa Aprili 1893 katika vita vya Dola Huru ya Kongo na Waarabu, daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa na jeshi lililoshinda, alishangaa kuona askari wa kawaida wakilala kwenye vitanda vya kuchongwa. Vitanda vya namna hiyo ni ushahidi wa maseremala walioishi na kufanya kazi katikati ya Kongo, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Unguja kwa njia za misafara.

Karne ya ishirini ilivuruga mnyororo huo. Uasi wa 1964 uliifanya Fizi, eneo lenye mji wa Baraka, uwanja wa mapigano, na Septemba 1965 mamluki wa serikali wakiongozwa na Mike Hoare walitua Baraka kupitia ziwani. Mwaka 1996 vita vilirudi kwa nguvu zaidi, watu wakavuka kwa wingi kwenda Kigoma, Tanzania, na mwaka huohuo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikafunguliwa huko Kasulu. Mji ukihamwa, mabati, milango na madirisha ndivyo huporwa mapema, kwa sababu hung'oka upesi na huuzika popote. Lakini hasara ya milango ilikuwa ndogo kuliko hasara ya mafundi. Mbao zilikuwapo milimani muda wote. Waliozijua ndio walikuwa ng'ambo. Mwezi wa kumi 2005, UNHCR ilipoanza kuwarudisha wakimbizi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, walioteremka gatini walikuwa pia hazina ya ufundi iliyorudi nyumbani. Mashirika ya misaada nayo yalifungua ofisi zenye nyua za magari, na kazi ya kuchomelea mageti ikapata wateja.

Geti huharibika kwa namna yake, na hapo ndipo ukaribu wa fundi unapoonekana. Uzito wote wa bawa huvuta bawaba ya juu. Taratibu bawa huinama, ncha yake ikaanza kuchora nusu duara ardhini, na komeo halioni tena tundu lake kwenye saruji. Wakati huohuo tope na unyevu wa masika hula bati upande wa chini. Fundi anayejua kazi hanyooshi komeo. Hunyanyua bawa kwa jeki, hukata bawaba iliyochoka, huchomelea nyingine, kisha huweka chuma cha mshazari kutoka kona ya chini penye bawaba hadi kona ya juu ya upande wa pili, ili uzito urudi kwenye mwimo. Ni kazi ya siku moja kwa aliye karibu. Kumsubiri mtu wa Uvira, wakati mvua imekata barabara ya RN5, ni kulala na ua wazi. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Wanasema mafundi wetu huchukua avansi wakapotea, na kwamba kazi ya kiwandani imepimwa vizuri zaidi. Ni kweli vipimo vya kiwanda ni sahihi. Lakini hata huko Marekani, ambako C. G. Johnson alibuni mlango wa gereji unaopanda juu mwaka 1921, springi ikikatika huitwa fundi wa mji uleule. Kiwanda hakiji nyumbani. Kuhusu avansi, dawa ni mapatano ya maandishi: vipimo, unene wa bati, malipo kwa awamu, na muda ambao fundi atarekebisha bila kulipwa tena. Fundi wa mtaani anaweza kubanwa na karatasi hiyo mbele ya majirani na mkubwa wa mtaa, jambo ambalo halimgusi muuzaji wa ng'ambo. Wengine husema hakuna mlango unaozuia bunduki. Naam, lakini mlango haukuwekwa kwa ajili ya jeshi. Umewekwa kwa ajili ya mwizi wa usiku, mbuzi wa jirani na duka linalofungwa jioni, yaani kwa ajili ya maisha ya amani ambayo watu walirudi kuyatafuta.

Kwa hiyo kumpa kazi fundi wa Baraka ni kulinda zaidi ya nyumba moja. Kila geti analolitengeneza humlipia mwanafunzi anayeshika chuma pembeni yake, na huyo mwanafunzi ndiye atakayeitwa miaka kumi ijayo. Mashirika, makanisa, misikiti na ofisi za serikali, wenye mageti makubwa kuliko wote mjini, wana wajibu wa kuanza.