Wawili Kati ya Watano

Kitabu cha historia kikifika kwenye kifo cha Daktari Livingstone, majina ni yale yale: Chuma na Susi. Hutajwa pamoja kama kurwa na doto. Mimi mwenye ndoto ya kuandika riwaya najiuliza: kwa nini hao wawili tu? Na ni jozi ngapi tumeziacha njiani?

Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wakauzika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo. Walifika Februari 1874, baada ya miezi kama tisa, wakaulaza katika kanisa la Mapadri wa Roho Mtakatifu. Mnara wa kanisa lile upo hadi leo.

Msafara ulikuwa mkubwa. Waingereza baadaye walitengeneza medali 60 kwa ajili ya watu hao. Lakini wale walioanza naye safari mwaka 1866 walikuwa wamebaki watano tu: Susi, Chuma, Amoda, Mabruki na Gardner.

Haya, tuhesabu. Wa kwanza naweza kumchagua kwa njia tano, wa pili kwa nne: 5 × 4 = 20. Kama kazi ni kubeba mzigo mtini, mmoja mbele mwingine nyuma, zote 20 ni tofauti. Lakini kwenye kumbukumbu hakuna mbele wala nyuma. Chuma na Susi ndio Susi na Chuma. Kila jozi imehesabiwa mara mbili, kwa hiyo gawa kwa 2: jozi 10. Historia imebeba moja, tisa imezibwaga.

Tena ngoja kidogo. Kulikuwa na Halima, mpishi, mke wa Amoda. Livingstone mwenyewe kamtaja katika shajara yake. Mwongeze, wawe sita. Zile jozi 10 zipo palepale, na Halima anaweza kukaa na kila mmoja wa wale watano: 10 + 5 = 15. Mama mmoja kaja na jozi tano! Hiyo ndiyo siri ya pembetatu ya Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, ambayo al-Karaji wa Baghdad aliijua zaidi ya miaka 600 kabla yake: kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake.

Aliyesafiri na jeneza hadi mazishini London, tarehe 18 Aprili 1874, ni Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa misheni India. Chuma na Susi walipelekwa baadaye, mazishi yamekwisha. Wenye nauli ndio waliochagua, na sisi tukakariri chaguo lao.

Ndugu mwandishi mwenzangu, hesabu haimwambii mtu nani alikuwa shujaa. Inamwonyesha tu ni mangapi hayakusimuliwa. Petina Gappah wa Zimbabwe alimpa Halima sauti katika riwaya yake ya mwaka 2019. Bado Mabruki na Gardner wana maongezi yao ya usiku, maiti ikiwa kando ya moto. Bado Amoda na mkewe wana ugomvi wao. Chagua jozi yako uandike. Mimi nimeshachukua yangu: Halima na Mabruki.