Kunusurika Si Kushinda: Njama Tatu Dhidi ya Watawala wa Kibusaidi

Ukoo wa Al Busaidi umeitawala Oman tangu katikati ya karne ya 18, na kwa muda mrefu upanga haukuwa mbali na kiti cha utawala. Sayyid Said bin Sultan, aliyeifanya Unguja makao ya dola yake, alishika madaraka mwaka 1806 baada ya kumuua binamu yake, Badr bin Saif. Mwanawe Thuwaini alipigwa risasi usingizini mjini Sohar mwaka 1866, na mkono ulioshutumiwa ni wa mwanawe mwenyewe, Salim. Vifo hivyo vimeandikwa sana. Waliosahaulika ni watawala waliovamiwa wakapona, na wao ndio wanaotufunza zaidi, kwa sababu aliyepona alibaki na uamuzi mzito: aufanyie nini uhai aliobakiziwa?

Njama tatu zinalijibu swali hilo. Ya kwanza ilitokea Unguja, ya pili Maskati, ya tatu Dhofar. Katika mbili za mwanzo uko mkono wa Wahirth, kabila la Sharqiya, upande wa Ibra huko Oman. Ya tatu mwangwi wake ulifika Izki na Nizwa.

Unguja, 1859

Sayyid Said alifariki baharini Oktoba 1856, akirejea Unguja kutoka Oman. Thuwaini alibaki na Maskati, na ndugu yake Majid akashika Zanzibar. Mdogo wao Barghash, aliyekuwa safarini pamoja na baba yake, alijaribu kuiteka ngome ya Unguja mara tu merikebu ilipofika, akashindwa. Hakukata tamaa.

Waliomuunga mkono kwa nguvu walikuwa Wahirth. Watu hawa wa Sharqiya walikuwa wamekaa Unguja kabla ya Mabusaidi kuhamia, wakiwa na mashamba, watu na heshima yao wenyewe, na hawakupenda kuwa chini ya ukoo uliowafuata. Ndani ya familia, Barghash alikuwa na dada zake Khole na Salme. Salme, aliyekuwa na umri wa miaka 15 tu, alijua kuandika, kwa hiyo barua za njama zikapita mikononi mwake. Miaka mingi baadaye, akiishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alilieleza tukio hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886.

Siri ilivuja. Askari wa Majid waliizingira nyumba ya Barghash. Dada zake wakaingia kumwona, wakamvisha nguo za kike, wakampitisha gizani mbele ya walinzi ambao hawakuthubutu kuwazuia wanawake wa kifalme. Barghash akafika shamba la Marseilles, walikokuwa wakimsubiri wafuasi wake. Oktoba 1859 jeshi la Majid, likisaidiwa na mabaharia wa manowari za Kiingereza, lilikwenda kulivunja boma lao huko. Barghash alirudi mjini kwa siri, nyumba yake ikazingirwa tena, safari hii na wanajeshi wa Kiingereza, naye akajisalimisha. Alipelekwa Bombay.

Majid alipona, lakini aliponywa na balozi wa Kiingereza, Rigby, na mizinga ya wageni. Tangu hapo hakuna aliyekuwa na shaka kiti cha Unguja kimeegemea wapi. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza nchini India, ndiye aliyeamua kuwa Zanzibar na Maskati ni dola mbili, na kwamba Zanzibar iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Urithi wa Sayyid Said uligawanywa na mtu asiye wa nyumba yake.

Hata hivyo Majid alifanya jambo moja la hekima: hakulipiza kisasi. Dada zake hakuwatesa, na Barghash aliruhusiwa kurudi baada ya miaka miwili hivi. Majid alipofariki mwaka 1870 bila mtoto wa kiume, mfanya njama wa jana akawa Sultani. Ndiye aliyewaletea watu wa mji maji safi ya bomba, ndiye aliyejenga jumba la Beit el Ajaib. Kama kisu kingetangulia msamaha, Zanzibar ingempoteza mtawala huyo.

Maskati, 1895

Sheikh Saleh bin Ali Al Harthy alikuwa kiongozi mwenye nguvu kuliko wote Sharqiya. Mwaka 1868 alikuwa miongoni mwa waliomsimamisha Imam Azzan bin Qais, na baada ya Azzan kuuawa mwaka 1871 hakuacha kuwapinga masultani wa pwani. Tusiuone upinzani huo kuwa tamaa tupu. Katika madhehebu ya Ibadhi kiongozi huchaguliwa na wenye elimu na kupewa bai'a, yaani kiapo cha utii, na akidhulumu huweza kuondolewa. Watu wa Nizwa na Ibra walikua na fundisho hilo, na sultani anayerithi kiti na kutegemea manowari za kigeni hakuwaridhisha.

Februari 1895 Abdullah, mwana wa Sheikh Saleh, aliingia Maskati na watu wake kama wageni wa Sultani Faisal bin Turki. Walipokewa na kupewa zawadi. Wahenga wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Usiku wa kuamkia tarehe 13 wageni hawa waliwafungulia wenzao lango la mji, wakalivamia jumba la Sultani. Faisal alipigana mwenyewe, kisha akatoka upande wa bahari na kukimbilia ngome ya Jalali. Ndugu yake Muhammad akashika ngome ya Mirani, ng'ambo ya pili ya ghuba. Kwa zaidi ya wiki tatu mji ulikuwa wa wavamizi na ngome mbili zilizojengwa na Wareno zilikuwa za Sultani, naye akalipiga kwa mizinga jumba lake mwenyewe. Waingereza walishuku kuwa fedha za uvamizi zilitoka kwa Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa Oman na ambaye jicho lake halikuondoka Maskati.

Mwishoni wavamizi waliondoka kwa kulipwa. Faisal alirudi kwenye jumba lililoporwa, hazina ikiwa tupu, na juu yake Waingereza wakamdai fidia ya mali za wafanyabiashara wa Kihindi. Uchungu ulimsukuma kutafuta rafiki mwingine. Mwaka 1898 aliwaruhusu Wafaransa kuweka makaa ya mawe Bandar Jissah. Februari 1899 manowari za Kiingereza zikatishia kulipiga jumba lake, akafuta ruhusa hadharani. Katika miaka hiyohiyo majahazi ya Sur yalikuwa yakipeperusha bendera ya Ufaransa ili yasipekuliwe na Waingereza, hata shauri hilo likaamuliwa The Hague mwaka 1905. Nahodha wa Sur alijua kuwa bendera ya Sultani wake haitoshi kumlinda.

Baada ya uvamizi Waingereza waliyaonya makabila kuwa hawataruhusu Maskati na Matrah kushambuliwa tena, na Januari 1915 askari wa Kihindi waliwarudisha nyuma watu wa Imam mpya wa bara pale Bait al Falaj. Miongoni mwa viongozi wa mashambulizi hayo alikuwa Isa, mwana mwingine wa Sheikh Saleh. Mkataba wa Seeb wa mwaka 1920 ukaiacha bara, pamoja na Nizwa, chini ya Imam, na pwani chini ya Sultani. Fedha ziliwaondoa wageni wa mwaka 1895, lakini hazikuondoa sababu iliyowaleta.

Dhofar, 1966

Sultani Said bin Taimur, mjukuu wa Faisal, aliunganisha bara na pwani kwa nguvu: Desemba 1955 majeshi yake yaliingia Nizwa, naye akasafiri kwa gari kutoka Salalah kuvuka jangwa hadi huko. Aprili 1966, akikagua gwaride la Kikosi cha Dhofar, kikosi chake mwenyewe cha ulinzi, askari walimgeuzia bunduki wakafyatua. Risasi hazikumpata. Kamanda wa kikosi, ofisa kutoka Pakistani, alijeruhiwa vibaya.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Said alijifungia katika jumba lake la Salalah, hata wako walioamini kuwa amekufa. Nchi ilikaa na shule chache na hospitali chache. Mwanawe Qaboos aliwekwa chini ya ulinzi. Waomani waliotoroka mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 walikuta mlango wa nchi ya babu zao karibu umefungwa. Uasi ulikuwa ukiwaka Dhofar, na mwangwi wake ukafika bara: Juni 1970 waasi waliishambulia kambi ya jeshi Izki, mwendo mfupi kutoka Nizwa. Tarehe 23 Julai Qaboos alimwondoa baba yake, aliyemaliza maisha yake London mwaka 1972.

Walichokifanya na uhai wao

Majid alisamehe. Faisal alilipa. Said bin Taimur alifunga mlango. Wote watatu walinusurika njama, na kila mmoja alitoka akiwa dhaifu kuliko alivyoingia, ila msamaha wa Majid ndio uliozaa kitu. Qaboos alirudia njia hiyohiyo kwa upana zaidi: aliwasamehe waasi wa Dhofar waliojisalimisha, na Yusuf bin Alawi, aliyewahi kuwa upande wa waasi, akaja kuwa waziri wa mambo ya nje. Aliwaita pia Waomani wa Afrika Mashariki warudi, na ndiyo maana leo Kiswahili kinasikika Ibra, Sur na Nizwa.

Jamii zetu za pande mbili za bahari zimerithi visa hivi, na mara nyingi tumevihifadhi kwa ubaguzi, kila ukoo ukisifu wake na kuficha ya wenzake. Mzee wa Kiharthi wa Ibra na mzee wa Kibusaidi wa Maskati wanastahili kusikilizwa kwa umakini uleule, kwa sababu njama haizuki bila dhulma au hofu iliyoitangulia. Tukiwafundisha vijana wetu historia hii, tuwafundishe kutafuta lile lalamiko ambalo halikusikilizwa wakati bado lilikuwa maneno tu.