Brokoli Mbichi na Saladi ya Kinga
Imani kwamba saladi husaidia kukinga saratani ilipata nguvu mpya mwaka 1992, Paul Talalay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipotenga kutoka kwenye brokoli sulforafani, yaani kemikali inayochochea vimeng'enya vya mwili vinavyoondoa sumu. Kemikali hiyo haimo tayari ndani ya mboga, bali hutokea pale kisu au meno yanapopasua seli na kimeng'enya kiitwacho mirosinasi kikakutana na malighafi yake. Na kwa kuwa moto mkali hukiharibu kimeng'enya hicho, walaji wa mboga mbichi walipata hoja, na wafanyabiashara, kama kawaida yao, hawakuchelewa kuitumia. Ushahidi huo, hata hivyo, ulitokana zaidi na maabara, nao haujatosha kuifanya saladi kuwa dawa.